Mwana wa Mhunzi Aliyewaeleza Watoto Umeme na Nuru



Jumamosi moja baada ya Maghrib nilikuwa nasomesha watoto wa madrasa huku mtaani, jirani na chuo. Tukiwa katikati ya darasa, umeme ukakatika. Watoto wakapiga kelele kama kawaida yao. Wakati nahangaika kuwasha tochi ya simu, mtoto mmoja wa miaka kama tisa akaniuliza umeme ukikatika huwa unakwenda wapi. Nikamwambia aache upuuzi, ashike juzuu yake asome.

Akanyamaza. Wiki iliyofuata hakuuliza kitu, wala wiki iliyofuata hiyo. Mtoto yule ndiye aliyekuwa na maswali kuliko wote, na mimi nilikuwa nimemfunga mdomo kwa neno moja. Na ukweli ni kwamba swali lake halikuwa upuuzi. Mimi ndiye sikujua jibu. Nasoma masomo ya Kiislamu, fizikia niliachana nayo sekondari. Ningeweza kusema sijui. Imam Malik, na ukubwa wake wote, anajulikana kwa wingi wa maswali aliyoyajibu kwa kusema hajui. Mimi nilishindwa kulisema neno hilo mbele ya mtoto wa miaka tisa.

Basi nikaenda maktaba kutafuta namna ya kumweleza mtoto habari za umeme. Kila kitabu nilichofungua kilinirudisha kwa mtu mmoja: Michael Faraday, Mwingereza aliyefariki mwaka 1867. Nilidhani nitakutana na bingwa wa hesabu. Nikakutana na mtoto wa maskini aliyeishia shule ya chini kabisa, hesabu zikimpiga chenga maisha yake yote. Naomba nikusimulie maisha yake, kisha nitakwambia nilivyorudi kwa yule mtoto.

Mkate wa wiki nzima

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 Newington Butts, mahali ambapo leo ni sehemu ya London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye maradhi ya mara kwa mara. Siku aliyoshindwa kuinua nyundo, nyumba haikuwa na kitu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1801, chakula kilipopanda bei, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja ambao ulitakiwa umtoshe wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Alipofika miaka 13 alianza kutumwa kupeleka magazeti na duka la vitabu la George Riebau, mtaa wa Blandford. Mwaka uliofuata Riebau akamchukua kuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, kwa miaka saba. Kazi yenyewe ilikuwa kushona karatasi, kupaka gundi na kuvisha majalada ya ngozi. Lakini kijana huyu alikuwa na tabia moja: kitabu kilichoingia dukani kujalidiwa alikisoma kabla hakijatoka. Ndivyo alivyoisoma makala ya umeme katika kamusi kubwa ya elimu iitwayo Encyclopaedia Britannica. Na ndivyo alivyokutana na kitabu cha kemia cha Jane Marcet.

Hapa ndugu yangu naomba tutue kidogo. Kitabu cha Bibi Marcet hakikuandikwa kwa ajili ya wataalamu. Ni mazungumzo ya mwalimu mwanamke na wasichana wawili, Emily na Caroline. Wasichana wanauliza, wanabisha, wanakosea, na mwalimu anawaeleza polepole kwa kuwaonyesha vitu. Mwanzoni kilichapishwa hata bila jina la mwandishi. Kijana wa kujalidi vitabu akakisoma, na kila alichoweza kukijaribu kwa senti zake chache alikijaribu mwenyewe, akakuta alichosoma ni kweli. Alipokuja kuwa mtu mkubwa, alikuwa akimtumia mama yule maandishi yake kama shukrani.

Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Mtu aliyekuja kubadilisha dunia aliwashwa na maelezo mepesi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaoanza. Kama Bibi Marcet angeona ni kazi duni kuwaeleza mabinti kemia, sijui yule kijana angeshika njia gani.

Kutoka gundi hadi maabara

Kaka yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao, alimpa shilingi ya kiingilio akahudhurie mihadhara ya sayansi ya jioni. Kisha mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia maarufu wa taasisi iitwayo Royal Institution. Faraday alikaa akaandika kila kitu, akarudi akakisafisha, akachora michoro, akavifunga vyote kwa mikono yake mwenyewe kuwa kitabu cha zaidi ya kurasa 300. Akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi.

Davy alimpokea kwa upole lakini akamshauri abaki na ufundi wake. Haukupita muda, msaidizi wa maabara akafukuzwa kwa ugomvi, na Davy akamkumbuka kijana wa kitabu. Mwezi Machi 1813 Faraday akaajiriwa, akapewa vyumba viwili juu ya jengo, pamoja na makaa na mishumaa yake. Alikuwa na miaka 21.

Mwaka huohuo Davy akamchukua katika safari ndefu ya Ulaya. Msafara ulikuwa wa heshima, ila kwa Faraday haukuwa mtamu. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, kwa hiyo msaidizi wa sayansi akajikuta anafanya na kazi za mtumishi, na mke wa Davy hakuona haya kumtendea hivyo. Alivumilia. Alirudi mwaka 1815 akiwa amewaona wanasayansi wakubwa wa Ufaransa na Italia wakifanya kazi, na hiyo kwake ndiyo ilikuwa chuo kikuu.

Waya, sumaku na nuru

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aligundua jambo la ajabu. Ukipitisha umeme katika waya ulio karibu na dira, sindano ya dira inageuka. Umeme na sumaku, vitu vilivyodhaniwa kuwa mbalimbali, vilikuwa vinajuana. Mwaka uliofuata Faraday alitengeneza chombo kidogo ambamo waya uliopitiwa na umeme ulizunguka sumaku bila kusimama. Inasimuliwa alicheza kwa furaha kuizunguka meza pamoja na shemeji yake mdogo. Mzunguko ule ndio babu wa kila mota: ya feni, ya mashine ya kusaga unga, ya pampu ya maji.

Furaha haikudumu. Baadhi ya watu walimshutumu kwamba ameiba wazo la mwingine, na Davy, mwalimu wake, akapinga asiingizwe katika Royal Society. Faraday hakurudisha matusi, akaendelea na kazi. Mwaka 1824 aliingizwa. Na kwa yote yale, hakuacha kumtaja Davy kwa heshima.

Swali lililomkaa kichwani lilikuwa jepesi kulieleza. Ikiwa umeme unazaa nguvu ya sumaku, je, sumaku inaweza kuzaa umeme? Jibu lilikuja tarehe 29 Agosti 1831. Alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya pande mbili, pande zisizogusana. Upande mmoja akaunga betri, upande wa pili akaweka sindano ya kuonyesha umeme. Sindano ilishtuka pale alipounga betri, ikatulia, ikashtuka tena alipoitoa. Oktoba akafanya jambo jepesi zaidi: aliingiza sumaku ndani ya mviringo wa waya, akaitoa. Kila sumaku ilipotembea, umeme ulipita. Sumaku ilipotulia, hapakuwa na kitu.

Ndugu msomaji, taa inayokumulikia usiku huu huenda inawaka kwa jambo hilo. Katika bwawa la Nalubaale pale Jinja, ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls na lililofunguliwa mwaka 1954, maji ya mto Nile yanasukuma mapanga, mapanga yanazungusha sumaku kubwa mbele ya nyaya, na umeme unatoka. Ni mchezo uleule wa Oktoba 1831, ila umefanywa mkubwa.

Faraday hakuwa na hesabu za kuyaandika haya. Alichokuwa nacho ni macho. Alinyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi, akaweka sumaku chini yake, akaona unga unajipanga kwa mistari iliyopinda kutoka ncha hadi ncha. Wengi waliiona kama pambo. Yeye aliona kwamba nafasi inayoizunguka sumaku si tupu, imejaa nguvu, na mistari ile ndiyo ramani yake. Tarehe 13 Septemba 1845 alipitisha nuru iliyochujwa, yenye mitetemo ya upande mmoja tu, ndani ya kioo kizito cha madini ya risasi kilichowekwa penye sumaku kali. Nuru ikajipinda upande wake. Kwa mara ya kwanza mwanadamu alionyesha kwamba nuru na sumaku vina uhusiano. Mwaka uliofuata alithubutu kusema mbele ya watu kwamba pengine nuru ni mtetemo wa mistari ileile.

Kijana wa Scotland, James Clerk Maxwell, akaichukua mistari hiyo akaigeuza kuwa hesabu. Mwaka 1865 alichapisha maandishi yanayoonyesha kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku vikisafiri pamoja. Kabla ya hapo, Faraday alishawahi kumwandikia akimuuliza kama wanahesabu, wakimaliza kazi yao, hawawezi kuyaeleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida pia, ili watu kama yeye nao waelewe. Fikiria: mzee wa sayansi anamuomba kijana maelezo mepesi, bila kuona haya.

Mshumaa mbele ya watoto

Sasa tufike pale nilipokuwa nakupeleka. Royal Institution ilianza mihadhara ya Krismasi kwa vijana mwaka 1825. Kuanzia mwaka 1827 hadi msimu wa 1860 na 1861, Faraday alifundisha misimu 19. Mtu huyu hakujaaliwa mtoto wake mwenyewe. Alikuwa na kazi za maabara, barua kutoka kila nchi, na tangu karibu mwaka 1840 kumbukumbu yake ilikuwa inamsumbua sana. Bado mwisho wa mwaka alikuwa akisimama mbele ya watoto.

Hakuzaliwa msemaji. Alisomea kusema kwa mwalimu wa ufasaha, na alikuwa akiwekewa mbele yake kadi ya kumkumbusha aende polepole. Tangu ujana aliwaza namna ya kufundisha. Aliona somo lisizidi saa moja, na kwamba shauku lazima iwashwe dakika ya kwanza na isiachwe izimike hadi mwisho. Alishika kanuni kwamba jambo lisemwe na lionyeshwe. Hata kama ni kusema jiwe ukiliachia litaanguka, liachie, watoto walione likianguka.

Basi watoto waliona mambo. Inasimuliwa siku moja, ili waione nguvu ya sumaku kubwa ya umeme, aliirushia ndoo ya makaa, chuma cha kuchokolea moto na koleo, vyote vikanasa. Mwishoni mwa mwaka 1855 mume wa Malkia Victoria alikuja na wanawe wawili. Wana wa mfalme walipata somo lilelile walilopata watoto wengine, kutoka kwa mtu aliyewahi kuhesabu siku kwa vipande vya mkate.

Somo lake lililojulikana kuliko yote lilihusu mshumaa. Alichukua kitu ambacho kila mtoto alikiona kila usiku, akauliza maswali. Kinachoungua ni nini hasa? Aliwaonyesha kwamba nta inayeyuka, inapanda kwa utambi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi, inageuka mvuke, na mvuke ndio unaoungua. Nuru ya manjano inatoka wapi? Kwenye chembe ndogo za masizi zilizopata joto hadi zikang'aa. Ukiweka kitu baridi juu ya mwali, masizi yale yanajishika, unayaona. Kutoka mshumaa akawafikisha kwenye hewa, maji, na pumzi zao wenyewe, kwamba mwili nao unatumia hewa na chakula kama mshumaa unavyotumia hewa na nta. Akamaliza kwa kuwatakia wawe kama mishumaa kwa wenzao. Masomo hayo yalichapwa kitabu mwaka 1861 na bado yanasomwa.

Faraday alikuwa Mkristo wa kanisa dogo, akawahi kuwa mzee wa kanisa hilo. Imani yake si yetu. Lakini tabia zake zinatufundisha. Aliombwa awe rais wa Royal Society, heshima ya juu kabisa kwa mwanasayansi wa nchi ile, akakataa. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 akiwa kwenye kiti chake, akazikwa bila fahari kwenye makaburi ya Highgate. Miaka mingi baadaye, mwaka 1991, Uingereza ilipoweka sura yake kwenye noti ya pauni 20, nyuma yake walichora anatoa somo katika ukumbi wa Royal Institution.

Sisi na watoto wetu

Najua kuna atakayeniuliza: kwa nini Faraday, na sisi tuna Ibn al-Haytham? Ni kweli. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefia Cairo karibu mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir na kuonyesha kwamba tunaona kwa sababu nuru inaingia jichoni, si kwa sababu jicho linatoa miale. Jina lake tunalibandika kwenye mabango ya kila wiki ya Kiislamu hapa chuoni. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kumkalisha mtoto na kumweleza alichokigundua? Mimi sikuweza. Kujivunia taa ya babu hakumulikii chumba cha mjukuu kama hakuna anayeiwasha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda madrasa na mfuko. Ndani mlikuwa na sumaku ya spika mbovu, unga wa chuma kutoka kwa fundi wa mageti, kipande cha waya wa shaba, betri moja ya redio, na dira yangu ndogo ya kibla. Kwanza nikamuomba radhi yule mtoto mbele ya wenzake. Kisha nikaweka dira juu ya mkeka, nikaulaza waya juu yake kufuata sindano, nikagusisha ncha mbili za waya kwenye betri kwa kitambo tu, maana waya unapata moto upesi. Sindano ikaruka pembeni. Watoto wakapiga takbira. Mmoja akauliza kwa wasiwasi kama kibla kimehama. Nikawaambia kibla kiko palepale, sindano ndiyo iliyovutwa, na kwa hiyo mtu asiweke dira karibu na simu au spika anapotafuta upande wa kuswali.

Halafu tukamwaga unga wa chuma juu ya karatasi, sumaku chini, na mistari ya Faraday ikajichora mbele yao. Mwisho tukaigeuza baiskeli ya mlinzi miguu juu, ile yenye dainamo. Yule mtoto akazungusha pedali, taa ikawaka. Akaacha, ikazima. Nikamuuliza umeme umekwenda wapi. Akafikiri, akaangalia mnyororo. Akasema haukwenda popote, umesimama tu, kama mnyororo. Ndiyo hivyo. Chembe za umeme zimo ndani ya waya muda wote. Umeme ukikatika, kinachokoma ni kusukumwa kwao.

Nilidhani tumemaliza. Akauliza tena: kama nuru ya taa inaletwa na waya, nuru ya jua inaletwa na waya gani?

Safari hii nilisema sijui vizuri, nipe wiki moja. Sasa namsoma Maxwell polepole, na nimeomba msaada kwa ndugu wa kitivo cha sayansi. Ndiyo maana nimeandika makala hii. Katika jumuiya yetu wamo wanaosoma fizikia, uhandisi na udaktari, na madrasa za mtaani zinatuhitaji. Saa moja ya Jumamosi, sumaku moja na mshumaa mmoja vinatosha kuanzia. Watoto wale wanatusubiri, na wapo wenye maswali ambao tayari tumeshawanyamazisha.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa, na ikhlasi katika kuifikisha. Aamin.